Dinosaria wa shingo ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka Tendaguru hadi Patagonia

Kila habari za "mjusi wa Tendaguru", yaani dinosaria wa shingo ndefu aliyechimbwa kilima cha Tendaguru mkoani Lindi na kupelekwa Berlin, Ujerumani, zinapozuka bungeni, magazetini au kwenye makundi ya WhatsApp, maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa kwa mafungu, tukianza na ya msingi na kumalizia na yale yanayowaumiza vichwa hata wataalamu. Si lazima usome yote kwa mpangilio. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimekuelekeza liliko.

Niseme mapema ninachokisimamia: watu wengi hudhani wanyama hawa walikuwa umbo moja lililorudiwa kwa ukubwa tofauti. Sivyo. Walitofautiana shingo, meno, mkia, ngozi na hata namna ya kukanyaga ardhi, na kusini mwa Tanzania ni miongoni mwa mahali duniani ambapo tofauti hizo zinaonekana wazi.

## Mambo ya msingi

Dinosaria wa shingo ndefu ni akina nani hasa?

Wataalamu huwaita sauropodi. Ni kundi la dinosaria wala majani, waliotembea kwa miguu minne iliyosimama wima chini ya mwili, wenye kichwa kidogo, kiwiliwili kinene, shingo ndefu na mkia mrefu. Jina la kundi lilitolewa na Mmarekani Othniel Charles Marsh mwaka 1878, ingawa mifupa yao ilikuwa imeshaanza kuandikwa Uingereza. Mwaka 1841 Richard Owen alimpa mmoja wao jina la Cetiosaurus, akidhani ni mtambaazi mkubwa wa baharini.

Hadi leo zimetajwa aina zaidi ya 200, na visukuku vyao, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vimepatikana katika kila bara, Antaktika ikiwemo.

Tumezoea kumwita "mjusi". Ni mjusi kweli?

Hapana. Mijusi na dinosaria wote ni reptilia, lakini ukoo wao uliachana zamani sana kabla ya sauropodi wa kwanza. Ndugu wa karibu zaidi wa dinosaria walio hai leo ni ndege, ambao wenyewe ni tawi la dinosaria, kisha mamba. Mwangalie mjusi ukutani: miguu yake imetokeza pembeni. Miguu ya sauropodi ilishuka moja kwa moja chini ya mwili, na bila hivyo isingeweza kubeba tani kumi, achilia mbali hamsini. Katika mazungumzo "mjusi wa Tendaguru" si tatizo, kila mtu anajua anayetajwa. Darasani afadhali tuseme dinosaria.

Waliishi lini? Binadamu waliwaona?

Mababu zao walikuwepo tangu miaka milioni 230 hivi iliyopita, na wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna binadamu aliyewahi kuwaona.

Swali hili huletwa na mkanganyiko kati ya Tendaguru na Bonde la Olduvai. Nyayo za Laetoli, jirani na Olduvai, zina umri wa miaka milioni 3.6. Mifupa ya Tendaguru ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Uhusiano pekee wa karibu ni wa mtu mmoja: Hans Reck, aliyesimamia uchimbaji Tendaguru mwaka 1912, ndiye aliyeongoza msafara wa Olduvai mwaka 1913.

Walianzia wapi?

Kusini mwa Afrika kuna ushahidi mzuri sana wa mwanzo wao. Mwaka 2022 alitangazwa Mbiresaurus raathi wa Zimbabwe, mnyama wa miaka milioni 230 hivi, mwenye urefu usiofika mita mbili, aliyetembea kwa miguu miwili. Ndiye mmoja wa ndugu wa kale kabisa wa sauropodi. Baadaye, kama miaka milioni 200 iliyopita, Afrika Kusini alikuwepo Ledumahadi mafube, aliyetajwa mwaka 2018. Huyu alikadiriwa kufika tani 12 na alitembea kwa miguu minne, lakini miguu ya mbele bado ilikuwa imekunjika kidogo. Maana yake ni kwamba ukubwa ulikuja kabla ya ile miguu iliyonyooka tunayoijua kwa sauropodi wenyewe. Vulcanodon, pia wa Zimbabwe, ni mmoja wa sauropodi kamili wa mwanzo.

## Aina na tofauti zao

Familia kuu ni zipi, na nitazitofautisha vipi?

Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Anza na jamaa wa Diplodocus wa Marekani. Hawa walikuwa warefu lakini si wazito kwa urefu wao. Diplodocus alifika mita 25 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia uliokwenda ukipungua hadi ncha nyembamba. Meno yake yalikuwa membamba kama penseli, yamepangwa mbele ya mdomo tu. Miguu ya nyuma ilikuwa mirefu kuliko ya mbele, hivyo nyonga zilikuwa juu kuliko mabega.

Jamaa wa Brachiosaurus walikuwa kinyume. Miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, mgongo uliteremka kuelekea mkiani, mkia ulikuwa mfupi kiasi, na shingo ilielekea juu. Meno yao yalikuwa mapana na yenye nguvu zaidi. Camarasaurus, anayepatikana kwa wingi kwenye miamba ya magharibi mwa Marekani, alikuwa na fuvu fupi na meno manene kuliko wote hawa.

Kisha kuna dicraeosauridi, ndugu wa Diplodocus waliofuata njia yao. Pingili zao, yaani mifupa ya uti, za shingo na mgongo zilikuwa na miiba mirefu ya mfupa iliyogawanyika mara mbili. Kwa Amargasaurus wa Argentina miiba hiyo ilirefuka hadi ikawa safu mbili zilizosimama shingoni. Kama ilifunikwa na ngozi au ilijitokeza kama pembe, wataalamu bado wanabishana.

Rebbachisauridi ni wa ajabu zaidi. Nigersaurus, aliyechimbwa jangwani Niger na kutajwa mwaka 1999 na Paul Sereno na wenzake, alikuwa na mdomo uliopanuka mbele kushinda sehemu nyingine ya fuvu, na meno zaidi ya 500 ukihesabu yaliyokuwa yakisubiri zamu ndani ya taya. Kila jino lilidumu kama wiki mbili tu, kisha likabadilishwa.

Mamenchisauridi wanajulikana zaidi kutoka China. Mwaka 2023 shingo ya Mamenchisaurus sinocanadorum ilikadiriwa kuwa na urefu wa mita 15.1. Mmoja wa familia hii anaaminika kupatikana Lindi (tazama swali la aina za Tendaguru).

Mwisho ni titanosauria, waliotawala Kretasia, kipindi cha mwisho cha zama za dinosaria, hasa mabara ya kusini. Walikuwa wapana wa mwili, nyayo za kushoto na kulia zikiachana sana, na miguu yao ya mbele ilipoteza karibu mifupa yote ya vidole hadi wakawa wanakanyaga kwa mifupa ya kiganja. Kundi hili lina wakubwa kuliko wote na pia baadhi ya wadogo kuliko wote.

Kwa hiyo wapo sauropodi wenye shingo fupi?

Wapo. Brachytrachelopan wa Patagonia, kusini mwa Argentina, aliyetajwa mwaka 2005, ana shingo fupi kuliko uti wa mgongo wake. Ni dicraeosauridi, na ndugu yake Dicraeosaurus wa Tendaguru naye alikuwa na pingili 12 tu za shingo, ilhali baadhi ya mamenchisauridi walikuwa na zaidi ya 15. Inaelekea walikula mimea ya chini na ya urefu wa wastani, wakawaachia wengine vilele vya miti.

Na wadogo je?

Europasaurus wa Ujerumani, aliyetajwa mwaka 2006, alikuwa na urefu wa mita sita hivi akiwa mtu mzima. Kwanza alidhaniwa ni mtoto. Wataalamu walipokata mifupa yake na kuangalia ndani waliona alama za mnyama aliyemaliza kukua. Aliishi visiwani, ambako chakula ni kidogo na vizazi hupungua umbo. Magyarosaurus wa Romania, ambaye ni titanosauria, alipitia jambo hilohilo miaka milioni 80 hivi baadaye. Mita sita bado ni mnyama mkubwa kwetu, lakini kwa sauropodi ni mbilikimo.

## Ukubwa

Yupi alikuwa mkubwa kuliko wote?

Kwa ushahidi unaoshikika, mashindano yako Argentina. Argentinosaurus alitajwa mwaka 1993 na José Bonaparte na Rodolfo Coria kwa mifupa michache mikubwa mno. Patagotitan mayorum alitajwa mwaka 2017 akiwa na mifupa mingi zaidi, mfupa wa paja ukiwa na urefu wa karibu mita 2.4. Urefu wa mwili wake hukadiriwa kuwa mita 37. Kuhusu uzito, waliomtaja walikadiria tani 69, na hesabu ya mwaka 2020 ikashusha hadi tani 57. Ndovu dume wa Afrika ana tani sita hivi.

Nyangumi bluu anawazidi wote kwa uzito, lakini yeye hubebwa na maji.

Kwa nini kila mtu anataja uzito tofauti?

Kwa sababu hakuna aliyempima. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupima mzingo wa mifupa ya miguu na kulinganisha na wanyama walio hai. Ya pili ni kuunda umbo zima la mwili kwenye kompyuta kisha kukisia uzito wa nyama, mifupa na nafasi za hewa. Mnyama wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin aliwahi kukadiriwa tani 78 mwaka 1962. Makadirio mengi ya siku hizi yako kati ya tani 23 na 40. Mifupa haikubadilika. Kilichobadilika ni tunavyofahamu hewa iliyokuwa mwilini mwake, jambo ninalolieleza katika jibu linalofuata.

Ukisikia mtu anataja uzito kwa uhakika hadi kilo, mtilie shaka.

Iliwezekanaje kukua kiasi hicho?

Hakuna sababu moja. Ni mambo kadhaa yaliyoshikana.

Hawakutafuna. Ndovu anahitaji magego makubwa, misuli mizito ya taya na kichwa kikubwa cha kubeba vyote hivyo. Sauropodi alichuma, akameza, na kuliacha tumbo limalize kazi kwa kuchachusha majani kwa muda mrefu. Ndiyo maana kichwa kilibaki kidogo, na kichwa kidogo ndicho kilichoruhusu shingo kurefuka. Shingo ndefu nayo ilimwezesha kula eneo kubwa bila kusogeza mwili mzima kila mara.

Walipumua kwa mfumo unaofanana na wa ndege. Mifuko ya hewa ilisambaa kutoka kwenye mapafu na kuingia ndani ya pingili za shingo na mgongo, na mashimo yake yanaonekana wazi kwenye visukuku. Pingili ya shingo yenye urefu wa zaidi ya mita moja ingekuwa na kuta nyembamba na vyumba vya hewa ndani.

Tena walitaga mayai mengi madogo badala ya kubeba mimba kubwa moja, na watoto walikua haraka. Alama za ukuaji ndani ya mifupa zinaonyesha wengi walifikia ukubwa wao kamili ndani ya miongo miwili au mitatu.

## Maisha yao

Walinyanyua shingo juu kama twiga, au waliilaza?

Inategemea yupi. Giraffatitan wa Tendaguru ana mabega ya juu, na umbo lake lote linaelekeza shingo juu. Kwa Diplodocus ubishi ni mkali. Mwaka 1999 hesabu za kompyuta zilidai shingo yake ilikaa karibu sambamba na ardhi. Mwaka 2009 kundi jingine lilijibu kwamba wanyama wengi wa nchi kavu walio hai huinua shingo kuliko mifupa yao mitupu inavyoonyesha, kwa sababu gegedu kati ya pingili haibaki kwenye visukuku. Kuna pia suala la damu: kusukuma damu mita nyingi juu ya moyo ni kazi nzito, na baadhi ya wataalamu wa moyo hawaamini shingo ndefu kupita kiasi ziliinuliwa siku nzima. Mimi naona jibu la busara ni kwamba waliinua na kushusha kadiri ya mlo, na kila familia kwa kiwango chake.

Walikula nini?

Mimea yenye mbegu za koni, jamii ya misonobari, pamoja na kangaga, sikadi na mimea mingine ya zama zile. Nyasi za mbuga kama tunazoziona Serengeti hazikuwepo. Kwa muda mrefu tulikisia kwa kuangalia meno. Mwaka 2025 ulitangazwa ushahidi wa moja kwa moja: mabaki ya chakula tumboni mwa Diamantinasaurus wa Queensland, Australia. Ndani yake kulikuwa na misonobari, kangaga zenye mbegu na majani ya mimea ya maua, na vipande havikutafunwa. Mnyama mmoja alikuwa amekula mimea ya kimo tofauti.

Meno yanaeleza mgawanyo wa kazi. Diplodocus alibadilisha jino kila baada ya siku 35 hivi, Camarasaurus kila siku 62. Aliyebadilisha upesi alikuwa anayasaga meno yake upesi zaidi, yamkini kwa mimea ya chini yenye vumbi na mchanga.

Ni kweli waliishi majini ili maji yawabebe?

Hapana, ingawa vitabu vya zamani viliwachora hivyo, miili ndani ya ziwa na pua juu. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha kwamba kwenye kina hicho shinikizo la maji lingebana kifua na kuzuia kupumua. Nyayo zao, umbo la miguu na mifupa iliyojaa hewa vyote vinaelekeza nchi kavu. Hii haina maana kwamba hawakukanyaga tope la ufukweni. Tendaguru yenyewe ilikuwa pwani.

Damu yao ilikuwa ya baridi kama ya mamba?

Mwaka 2011 watafiti walipima kemia ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la meno, ambayo huhifadhi alama ya joto la mwili jino lilipokuwa likijijenga. Walipata nyuzi 36 hadi 38 za Selsiasi, karibu na joto letu. Miongoni mwa meno hayo yalikuwemo ya Tendaguru. Hilo halithibitishi kwamba walizalisha joto kama sisi, maana mwili mkubwa huchelewa kupoa. Linathibitisha kwamba walikuwa na mwili wa joto.

Walitunza watoto?

Dalili ni kwamba hawakutunza sana. Huko Auca Mahuevo, Argentina, mwaka 1997 kuligunduliwa uwanja wenye maelfu ya mayai ya titanosauria, mengine yakiwa na viinitete vyenye alama za ngozi. Yai lilikuwa na kipenyo cha sentimita 13 hadi 15 tu. Mnyama wa tani nyingi hawezi kulalia yai la ukubwa huo. Rapetosaurus mchanga kutoka Madagaska, aliyeelezwa mwaka 2016, alikuwa na mifupa yenye uwiano wa mtu mzima akiwa bado na umri wa wiki chache, ishara kwamba alijitegemea mapema.

Walijilinda vipi?

Kwanza kwa ukubwa. Zaidi ya hapo kila mmoja na lake: Shunosaurus wa China alikuwa na rungu la mfupa mwishoni mwa mkia, na Saltasaurus wa Argentina alikuwa na vipande vya mfupa ndani ya ngozi. Mkia wa Diplodocus uliwahi kudaiwa kwenda kasi kupita sauti. Hesabu za mwaka 2022 zilipinga: kwa mita 30 hivi kwa sekunde tayari ulikuwa karibu na kikomo cha ngozi na misuli. Kipigo hicho bado kingemuumiza adui.

## Tendaguru na Tanzania

Tendaguru iko wapi, na nani aliigundua?

Ni kilima katika Mkoa wa Lindi, kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Vitabu humtaja Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa madini Mjerumani, aliyeiona mifupa mwaka 1906. Wenyeji walikuwa wakiijua mifupa hiyo kabla yake, na ni sahihi kusema yeye alioneshwa na kuripoti. Mwaka 1907 alikuja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart. Msafara mkubwa wa Makumbusho ya Berlin ulifuata, 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Reck.

Waliochimba ni wenyeji, mamia kwa msimu, katika nchi iliyokuwa bado ina majeraha ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja na kuutayarisha kwa safari. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa takriban siku nne hadi bandari ya Lindi. Kila anayesimama mbele ya mifupa ile Berlin anapaswa kujua jina la Boheti kama anavyojua la Janensch.

Waingereza nao walikuja kuchimba kati ya 1924 na 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925. Msaidizi wake kijana alikuwa Louis Leakey.

Yule wa Berlin ni Brachiosaurus au Giraffatitan?

Giraffatitan brancai. Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwa kumfananisha na Brachiosaurus altithorax aliyechimbwa Colorado, Marekani, na kutajwa na Elmer Riggs mwaka 1903. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza kuwatenganisha kwa jina la jenasi ndogo, yaani kundi dogo ndani ya jenasi (jenasi ni kundi la aina zilizo ndugu wa karibu), na mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mfupa kwa mfupa na kuonyesha tofauti nyingi za kutosha. Wengi sasa wanakubali kwamba wa Tanzania ana jenasi yake mwenyewe.

Alisimamishwa Berlin mwaka 1937 na kupangwa upya mwaka 2007, akiwa na kimo cha mita 13.27. Si mifupa ya mnyama mmoja. Msingi ni wa mmoja, sehemu zilizokosekana zikajazwa kwa mifupa ya wengine na kwa vielelezo vya kutengeneza.

Kuna sauropodi gani wengine Tendaguru?

Dicraeosaurus wa aina mbili, hansemanni na sattleri. Tornieria africana, ndugu wa Diplodocus. Janenschia robusta, mwenye miguu minene. Tendaguria tanzaniensis, anayejulikana kwa pingili chache za mgongo. Australodocus bohetii, aliyetajwa mwaka 2007 kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Na Wamweracaudia keranjei, aliyetajwa mwaka 2019 kutokana na mkia ambao kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa wa Janenschia. Jina lake linawaenzi Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mkia huo. Huyu ndiye anayedhaniwa kuwa mamenchisauridi nje ya China.

Wakubwa wengi hivyo waliwezaje kuishi eneo moja?

Kwanza, tabaka za Tendaguru ni kadhaa na zimejijenga kwa muda mrefu, hivyo si wote waliopishana njiani siku moja. Pili, hawakugombea jani lilelile. Giraffatitan alikula juu, Dicraeosaurus chini, na Tornieria kwa meno yake membamba alichuma kwa mtindo mwingine. Tatu, mifupa ilifika pwani, kwenye maji ya chumvi yaliyotulia na tope la kupwa na kujaa, pengine kutoka mbali, maana misitu ya misonobari inaelekea ilikuwa bara zaidi. Ndiyo sababu mifupa hiyo hupatikana pamoja na viumbe wa baharini.

Miamba ya Morrison ya Marekani, ya umri huohuo, ina mseto unaofanana. Wakati huo mabara hayakuwa yameachana kama leo.

Nje ya Tendaguru, Tanzania ina wengine?

Inao, na ni wa kipindi tofauti. Katika bonde la Rukwa, upande wa Songwe na Mbeya, zimepatikana titanosauria za Kretasia, miaka milioni 100 hivi iliyopita: Rukwatitan bisepultus (2014), Shingopana songwensis (2017), ambaye mifupa yake ilitobolewa na wadudu kabla ya kufunikwa, na Mnyamawamtuka moyowamkia (2019). Huyu wa mwisho alipatikana kwenye Mto Mtuka, na baadhi ya pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Jirani zetu wa Malawi wana Malawisaurus. Titanosauria wa Afrika ni wachache mno ukilinganisha na wa Amerika Kusini, kwa hiyo kila mfupa wa Songwe una uzito mkubwa kitaaluma.

Mifupa ya Tendaguru itarudi?

Mjadala upo na wabunge wameuliza zaidi ya mara moja. Hoja za kurudisha ziko wazi: ilichukuliwa chini ya utawala wa kikoloni, bila wenyeji kuwa na sauti. Hoja za upande wa pili ni gharama, udhaifu wa mifupa na uhifadhi. Kwa maoni yangu, kabla hata ubishi huo haujaisha, Lindi inastahili vielelezo kamili, kumbukumbu za uchimbaji kwa Kiswahili, na vijana waliosomeshwa kuchimba na kutayarisha visukuku hapohapo.

Nikikuta mfupa uliogeuka jiwe nifanye nini?

Usiuchimbue wala kuubeba. Mfupa ukishatoka kwenye tabaka lake, umri na mazingira yake hupotea. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, hifadhi alama ya mahali kwenye simu, kisha toa taarifa kwa serikali ya kijiji, Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Mabaki ya namna hii yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuyauza ni kosa.

## Maswali magumu

Brontosaurus yupo au hayupo?

Marsh alimtaja Apatosaurus mwaka 1877 na Brontosaurus mwaka 1879. Mwaka 1903 Riggs alisema ni jenasi moja, na jina la kwanza likashinda. Mwaka 2015 uchambuzi wa Emanuel Tschopp na wenzake ulitenganisha tena, na wengi wamemrudisha Brontosaurus. Wapo wasiokubali.

Kuna aliyekuwa mkubwa kuliko Patagotitan lakini mifupa yake ikapotea?

Mwaka 1878 Edward Cope alieleza pingili moja kubwa mno kutoka Colorado, ambayo leo haijulikani ilipo. Umebaki mchoro na vipimo. Mwaka 2018 mnyama huyo alipewa jina jipya, Maraapunisaurus, na kuhamishiwa kwa rebbachisauridi, hatua iliyopunguza sana urefu uliokuwa ukidaiwa. Kisukuku kisichoweza kupimwa tena hakifai kushika rekodi.

Kwa nini majina ya wanyama wa Tendaguru hubadilikabadilika?

Mfano mzuri ni Janenschia. Fraas alimwita Gigantosaurus robustus mwaka 1908, bila kujua jina Gigantosaurus lilikuwa limeshatumika Uingereza tangu 1869. Mwaka 1911 akaitwa Tornieria. Mwaka 1991 akapewa jenasi yake, Janenschia. Mwaka 2019 akanyang'anywa mkia, ukawa Wamweracaudia. Australodocus naye alitajwa kama ndugu wa Diplodocus, kisha uchambuzi wa baadaye ukamsogeza karibu na titanosauria.

Chanzo ni kwamba mifupa mingi ilipatikana vipandevipande, mguu huku na pingili kule, na sehemu mbili zisizolingana haziwezi kulinganishwa. Jina litatulia pale tu utakapopatikana mfupa wa mguu na wa mkia katika shimo moja, na hilo litahitaji kuchimba tena Lindi.